Asali ni shifa, lakini kapime ini

Mimi ni mwenyeji wa Bugomora, wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kila nirudipo mjini na dumu la asali, Waislamu wenzangu huniuliza: Je, inatibu ini?

Allah (SW) ametufahamisha katika Surat An-Nahl, aya ya 69, kuwa kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kina shifa kwa watu. Hilo halina shaka. Watafiti nao wamewapa panya sumu ya kudhuru ini. Mara nyingi waliopewa asali, au gundi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga, wameumia kidogo kuliko wenzao. Lakini panya si binadamu, na sumu ya maabara si kirusi cha homa ya ini aina ya B.

Kirusi hicho kina chanjo. Watoto wetu huipata tangu mwaka 2002, ila watu wazima wengi hatukuchanjwa. Tujihadhari pia na mahindi na karanga zenye ukungu: sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ama pombe, iwe rubisi ya ndizi au ya chupa, ni haramu na huangamiza ini.

Basi ndugu Muislamu, kula asali, ila usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja. Macho yakigeuka manjano, usikae na chupa ya asali nyumbani, wahi hospitali. Mtume (SAW) ametuamrisha kutafuta tiba, na kipimo ni sehemu ya tiba.

Wallahu a'lam.