Mkoko Unapoalika Maua: Anuwai, Uzazi na Mageuko ya Mimea katika Visiwa vya Lamu

Utangulizi

Waswahili husema mkoko ndio kwanza unaalika maua, wakiwa na maana kwamba jambo linalodhaniwa kufika mwisho ndilo kwanza linaanza. Wanafunzi wengi wa fasihi huufafanua usemi huu bila kuwahi kuutazama mkoko wenyewe. Hata hivyo, usemi huo umebeba ukweli wa kibiolojia. Tangu tumba la mkoko lichomoze hadi mche wake udondoke, hupita zaidi ya mwaka mmoja. Anayeliona ua, basi, ameona mwanzo tu. Makala haya yanachunguza mikoko ya visiwa vya Lamu kwa kuangalia anuwai yake, namna inavyozaliana na asili yake kimageuko. Aidha, yanajadili nafasi ya majina ya wenyeji katika kulifundisha somo hili.

Anuwai na Majina Yake

Kenya ina spishi 9 za mikoko, na zaidi ya nusu ya eneo lote la mikoko nchini limo Lamu, kando ya mikono ya bahari inayovizunguka visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Neno mikoko lina maana mbili. Kwa maana pana, ni miti yote inayoota katika matope yanayofunikwa na maji ya bahari. Kwa maana finyu, mkoko ni mti mmoja, Rhizophora mucronata, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Jirani zake wana majina yao: muia (au msinzi), mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mti uliosimama huitwa kwa aina yake, lakini ukishakatwa huitwa kwa unene wake: fito, pau, boriti au nguzo. Boriti ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za mji wa Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Upana wa vyumba vya nyumba hizo ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vikawa virefu na vyembamba. Kwa hiyo, msitu na nyumba vina msamiati wake, na kila msamiati unapanga vitu kwa kigezo tofauti.

Uzazi

Mmea wa kawaida wa maua hutoa mbegu, mbegu ikaanguka, ikalala, kisha ikaota ipatapo maji na joto. Katika matope ya chumvi utaratibu huu una hatari: chumvi huzuia kuota, na mawimbi huizoa mbegu kabla haijashika. Mkoko, muia na mkandaa hufuata njia nyingine. Mbegu huota ingali ndani ya tunda, mtini. Kiinitete hakilali, hutoboa tunda na kuning'inia mfano wa fimbo ya kijani, kikilishwa na mti mzazi hadi kikomae. Kinachodondoka si mbegu bali ni mche. Huenda ukajichomeka matopeni papo hapo, au ukaelea na kuchukuliwa na mkondo hadi ufuo wa mbali. Wanabiolojia huifananisha tabia hii na ya wanyama wanaozaa, tofauti na wale wanaotaga.

Mchu uko katikati ya njia hizo mbili: mbegu yake huota ndani ya tunda bila kulitoboa ganda. Mlilana hutoa tunda lenye mbegu nyingi ndogo zisizoota mtini. Uchavushaji nao hutofautiana. Chavua ya mkoko hubebwa zaidi na upepo. Ua la muia hufyatua chavua lligusapo domo la chozi. Ua la mlilana hufunguka usiku na kutembelewa na popo na nondo. Nao mchu hutegemea nyuki.

Mageuko

Je, miti hii ni ndugu? Jibu la biolojia ni kwamba mingi yao si ndugu wa karibu. Mkoko, muia na mkandaa ni wa familia moja. Lakini mlilana umo katika familia ya mhina na mkomamanga. Mkomafi ni jamaa ya mwarobaini. Kikandaa ni wa ukoo wa mkungu. Na msikundazi uko pamoja na mbuyu na mpamba. Maana yake ni kwamba wahenga wa miti hii waliishi nchi kavu, na koo mbalimbali ziliingia matopeni kila moja kwa wakati wake. Mazingira yaleyale yaliteua tabia zinazofanana: mizizi ya kupumulia na njia za kuikabili chumvi.

Ushahidi mwingine umo chini ya maji. Nyasi za bahari si mwani. Ni mimea ya maua iliyorudi baharini. Mmoja wao, Thalassodendron ciliatum, unaopatikana kwa wingi pwani ya Kenya, nao huzaa miche badala ya kuangusha mbegu, ingawa hauna udugu wa karibu na mkoko. Njia moja imegunduliwa mara mbili.

Majina na Uhifadhi

Mjadala huu si wa kamusi tu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, uliondoa sehemu ya mikoko. Upandaji wa miche umekuwa jibu linalopendelewa. Lakini kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele, ukikabili bahari, mkoko hufuata, mkandaa hukaa nyuma zaidi. Mche wa mkoko ni rahisi kuokota na kupanda, hivyo hupandwa hata mahali pa mlilana, nao hufa. Anayesema "tumepanda mikoko" bila kutaja ni mti gani hajasema jambo la kutosha.

Hitimisho

Imebainika kwamba jina la mwenyeji hupanga mimea kwa mahali na matumizi, ilhali biolojia huipanga kwa nasaba. Mipangilio hii haipingani. Mmoja humwezesha mwanafunzi kuutambua mti, mwingine kuijua historia yake. Katika shule za Kenya biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Lamu anayeweza kutofautisha mchu na mkandaa kwa kutazama gome huingia darasani kana kwamba hajui lolote. Mwalimu akianzia kwenye majina hayo, nusu ya somo la anuwai huwa tayari imefundishwa nyumbani. Msamiati huo ukipotea kabla ya kuandikwa, hasara itakuwa ya lugha na ya msitu pia.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza kwa nini mche unaoota mtini una nafasi nzuri zaidi ya kuishi matopeni kuliko mbegu iliyolala.
2. "Neno mikoko linaeleza mahali, halielezi ukoo." Jadili kwa kutumia mifano minne.
3. Kusanya majina ya mimea kumi ya mazingira yako, kisha ubainishe kigezo kilichotumiwa kuipa kila mmoja jina lake.