Kutoka Kaole hadi Bagamoyo kwa miguu: mwongozo kwa mkazi wa Msasani

Uwe unakaa Mikoroshini, Makangira au Bonde la Mpunga, Bagamoyo pengine umeshafika. Ulikwenda harusini au msibani, ukala samaki, ukarudi. Kuutembea mji ule kwa miguu ni jambo jingine, na kuufikia ukitokea Kaole, kijiji kilicho kilomita kama 5 kusini mwake, ni jambo ninalotamani kila familia ya Msasani ilifanye walau mara moja. Huhitaji gari la kukodi. Unahitaji siku nzima, viatu vinavyokushika vizuri na wenzako wawili watatu.

Utauliza, kwa nini uanzie Kaole na si mjini? Kabla Bagamoyo haijawa bandari kubwa, meli na majahazi ya sehemu hii yalitia nanga Kaole. Miaka ikapita, mikoko na tope vikaziba bandari, na biashara ikahamia kaskazini. Ukitoka Kaole kwenda Bagamoyo unafuata uelekeo uleule ambao biashara iliufuata. Halafu kuna sababu ya tumbo na miguu: safari itaishia penye chakula, maji na gari la kurudi nyumbani. Ukigeuza, utajikuta Kaole saa nane mchana, jua la utosi, unatafuta bodaboda.

Kutoka Msasani, panda daladala au bajaji mpaka kituo cha Makumbusho, uulizie gari la Bagamoyo. Barabara inapita Mwenge, Tegeta, Boko na Bunju, inavuka Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga na Kerege. Kama foleni si kubwa, hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Ondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Ukishuka stendi ya Bagamoyo, chukua bodaboda au bajaji mpaka magofu ya Kaole, na mpatane bei kabla hujapanda.

Gharama je? Nauli za daladala na mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo usikubali kutajiwa bei ya kubahatisha. Uliza nauli halali kabla ya kulipa. Mtu mzima mmoja atenge shilingi 40,000 kwa siku nzima: usafiri wa kwenda na kurudi, kiingilio, mwongozaji, chakula na akiba kidogo. Wengi hurudi na chenji. Kiingilio cha raia huwa chini sana kuliko cha mgeni, hivyo beba kitambulisho cha NIDA. Sehemu za serikali hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu, na hupewi tiketi mpaka malipo yaonekane. Weka salio kwenye simu kabla ya kuondoka, na udai risiti.

Kaole usipite haraka. Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na kibla chake, yaani upande wa kuelekea Makka, bado kinaonekana wazi ukutani. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, mtindo unaoukuta kwenye miji mingi ya kale ya pwani yetu. Ingia kwenye chumba cha maonyesho uone vipande vya vyombo vya kauri kutoka China. Mvuvi na mkulima wa pwani hii walikuwa wakifanya biashara na upande wa pili wa Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Mtoto wa shule akikishika kichwani kitu hicho kimoja tu, nauli yako imelipa.

Mlipe mwongozaji. Peke yako utaona kuta tu. Yeye atakwambia nani anasemekana kuzikwa wapi, na kwa nini kaburi la Sharifa bado hutembelewa na watu wanaokuja kuomba dua. Hapo ni makaburini: usipande juu ya kaburi, usikalie ukuta, vaa nguo za heshima.

Sasa njia yenyewe. Fuata barabara ya Kaole kuelekea mjini. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na robo. Ukiwa na watoto, saa mbili. Utapita kati ya minazi, mashamba na nyumba za watu. Kule Uingereza, njia za miguu za kutoka kijiji hadi mji wa soko hulindwa na sheria hata zinapokatiza shamba la mtu, na zimewekewa vibao. Kwetu kibao chako ni salamu. Msalimie mzee aliyekaa barazani, muulize njia, na ukitaka kumpiga mtu picha, omba ruhusa kwanza.

Je, unaweza kupita ufukweni? Mimi nakushauri barabara. Mikoko ya Kaole haipitiki kirahisi, na bahari huwafungia njia watu wasioijua. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku nyingine saa hizo hubadilika. Sehemu zisizo na watu pia si salama kwa anayetembea peke yake na simu mkononi. Kama unataka mchanga, subiri ufike mjini penye wavuvi.

Unapokaribia mji utapita TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Ukisikia ngoma zinapigwa, uliza getini kama unaruhusiwa kutazama. Mbele kidogo, pwani, kuna mnara wa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani baada ya vita ya Abushiri ya 1888 na 1889. Simama hapo kwa utulivu. Abushiri mwenyewe, kiongozi wa vita hiyo, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Mji Mkongwe unafuata, wenye milango ya nakshi, Boma la Wajerumani la 1897 na Ngome Kongwe. Tembelea pia nyumba ya misafara, ambako wapagazi, yaani wabeba mizigo, walipumzika. Watu wale walitembea miezi kadhaa kutoka bara, hata mbali kama Ujiji, wakiwa na pembe za ndovu mabegani.

Ukiwa bado na nguvu, nenda kaskazini mwa mji hadi misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Jumba la makumbusho la misheni hiyo linafaa sana kwa wanafunzi.

Chakula kula soko la samaki: pweza au samaki wa kukaanga, pamoja na mihogo au chapati. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana, hivyo panga tarehe nyingine au beba chakula na ule kwa staha. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, kukiwa na ubaridi kidogo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani huwa tope. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu, kofia na plasta za malengelenge.

Panda gari la kurudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Jumapili ondoka mapema zaidi, kwa sababu foleni ya Tegeta hadi Mwenge huwa ndefu. Kwa mzee asiyeweza kilomita 5, bajaji imsubiri Kaole na impeleke Mji Mkongwe, nanyi mkutane naye hapo. Na kwa asiye na siku nzima, magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yako ndani ya Kinondoni yetu hii. Nusu siku inatosha.