Gari la Zamani Linapokataa Kuwaka Asubuhi

Saa kumi na moja alfajiri, katika skimu ya upande wa Molo, maziwa yamekwisha kukamuliwa na mikebe imepakiwa, lakini pikapu haiwaki. Mwenyewe huzungusha stata mpaka betri ife, kisha huwaita majirani wasukume. Maziwa huchelewa. Kesho yake hununua plagi, keshokutwa betri, na ugonjwa ni ule ule, kwa sababu hakupima kabla ya kununua.

Somo hili ni juu ya injini ya petroli ya zamani, yenye kabureta na distributa. Dizeli ina taratibu zake.

Kwanza washa taa za mbele, kisha mwenzako azungushe stata. Taa zikififia na stata ikivuta polepole, betri ni dhaifu au vifungo vyake vina uchafu. Vioshe kwa maji moto, visugue mpaka ving'ae, uvikaze. Na usisahau waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Taa zikibaki na mwanga wote na stata ikae kimya, kosa li kwenye stata au swichi yake.

Stata ikizunguka kwa nguvu, tafuta cheche. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka na mbali na petroli yoyote. Shika kwa kitambaa kikavu. Cheche ya buluu ni nzuri. Ikiwa ni ya manjano au haipo, pangusa ndani ya kifuniko cha distributa, maana ukungu wa Mau huingia humo, kisha tazama zile pointi mbili zinazokata umeme. Katika magari mengi ya zamani nafasi yake ni karibu milimita 0.4, fuata kitabu cha gari lako.

Sasa itazame plagi yenyewe. Ikiwa kavu, petroli haifiki: angalia tangi, chujio na pampu. Ikiwa imelowa, petroli imezidi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na hewa yake ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humimina petroli nyingi mno huku juu, na mtu akizidi kuvuta choki huizamisha injini. Rudisha choki, kanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu, uzungushe stata sekunde chache, kisha uipumzishe.

Labda gari huwaka vizuri nyumbani, ila hukataa mjini Nakuru mchana baada ya kusimama. Pima cheche papo hapo, kabla injini haijapoa. Isipokuwepo, shuku koili. Ikiwepo, huenda petroli inachemka ndani ya bomba. Fungua boneti ungoje.

Cheche na petroli zikiwa sawa, tia mafuta ya injini kidogo katika kila tundu la plagi. Ikiwaka baada ya hapo, ringi zimelika. Mwendee fundi, umweleze kila ulichopima, asianze tena na plagi.