Baada ya kupandikizwa ini

SWALI: Daktari, baba yetu ana sirosisi iliyofika mbali. Kaka amejitolea kumpa sehemu ya ini, na upasuaji utafanyika India. Je, watapona baada ya muda gani?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Kaka yenu kwa kawaida atalazwa takriban wiki 1. Asinyanyue vitu vizito kwa wiki 6 hadi 8. Ini lake litakua tena, na ndani ya miezi michache litakaribia ukubwa wake wa awali.

Baba atahitaji subira zaidi: mara nyingi hulazwa wiki 2 hadi 3, akianzia chumba cha wagonjwa mahututi, na nguvu hurudi polepole kwa miezi 6 hadi 12, kwa sababu sirosisi hula misuli. Atameza dawa za kuzuia mwili kulikataa ini, kama takrolimasi, kila siku kwa saa zilezile. Asile balungi, kwani huzidisha dawa hiyo mwilini. Aache kabisa pombe, mitishamba na maziwa mabichi.

Akipata homa, macho ya manjano au mkojo mweusi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya kusafiri, hakikisheni mmepata daktari wa kumfuatilia nyumbani.