Barua ya Kazi na Mtu wa Mnara
(Somo: Luka 14:28-30)

Dada mmoja wa hapa Bomeni, na ameniruhusu niandike, aliniletea barua ya kazi ya Voi: shilingi 30,000 kwa mwezi. "Pasta, nikubali ama niache?" Tukamsoma yule mtu wa mnara, kisha tukashika kalamu.

Kwanza, 30,000 si 30,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450, PAYE kama 731. Mkononi zinafika 26,194. Yeye alikuwa amepanga kwa 30,000. Hata mimi niliyesomea biashara nilifanya hivyo kazi yangu ya kwanza, mwezi ukaisha nikiwa na madeni.

Tena hapa analala kwa mama, ndizi zinatoka shambani. Voi hata maji huenda ukanunua kwa mtungi. Tukaandika: nyumba 6,000, chakula 8,500, maji, stima na gesi 2,000, nauli 2,500, zaka 3,000 (alisisitiza itolewe kabla ya makato, sikubishana), mama 4,000. Zikabaki 194.

Nikamuuliza, "Na ukiugua?" Akanyamaza. Na bado kodi na dipoziti zinadaiwa siku ya kuhamia, mshahara haujaingia.

Amemwandikia mwajiri kuomba 34,000, anangoja jibu. Nimemwambia pia aongee na mama kuhusu zile 4,000 kabla hajapanda matatu. Hilo ndilo analoliogopa zaidi. Tumwombee.