Mizani imegoma kwenye kilo 84

Swali: Daktari, nauza mitumba Katoro, Geita. Kwa kutembea kila alfajiri na kupunguza ugali nilitoka kilo 95 hadi 84. Sasa wiki ya sita, mizani haisogei. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, mwili wa kilo 84 hauhitaji chakula kingi kama ule wa 95, na mwendo uleule umeshauzoea. Siku 3 kwa wiki panda mlima kwa kasi, kisha chuchumaa na kuinuka mara 15 huku umebeba ndoo ya lita 10. Pumzika, rudia.

Halafu niambie ukweli: dukani unatafuna michembe? Nadhani mchawi ni huyo. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Maji yametoka, wanga wote umebaki. Viganja vitatu ukisubiri wateja ni sawa na mlo mzima. Badala yake, ongeza mlenda na dagaa mchana.