SOMO LA AFYA: CHUNUSI ZA VIJANA NA NJIA YA KUZITIBU

Wazazi na walezi wanakumbushwa kwamba chunusi ni maradhi ya ngozi yenye tiba, wala si aibu ya kufichwa ndani ya nyumba. Huwapata vijana wengi, wa kike na wa kiume, waingiapo umri wa kubalehe, na aghalabu hupungua wafikapo utu uzima. Hata hivyo, si wote wanaosalimika bila ya athari. Kijana ambaye uso wake umejaa vipele huanza kuinamisha kichwa darasani, hukwepa kupigwa picha, na pengine hutafuta visingizio vya kutokwenda skuli. Mkubwa anayemwambia kwamba zitaondoka atakapooa au kuolewa humwacha peke yake na taabu hiyo, na akiwa peke yake ndipo anapoangukia mikononi mwa wauza mkorogo.

Ama asili ya chunusi ni hii. Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo mna vitezi vitoavyo mafuta na kuyapitisha katika vitundu vya vinyweleo. Wakati wa kubalehe, homoni huvifanya vitezi hivyo vitoe mafuta mengi zaidi. Seli za ngozi zilizokufa huchanganyika na mafuta hayo zikakiziba kitundu. Bakteria waishio katika ngozi ya kila mtu wakastawi humo, na mwili ukajibu kwa uvimbe na usaha. Hapana ukweli, basi, katika kauli kwamba chunusi zatokana na damu chafu au mawazo mabaya ya kijana. Wala si uchafu: ile nukta nyeusi ionekanayo kwenye kitundu si taka, na kuisugua kwa dodoki huzidisha uvimbe. Kuuosha uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku kunatosha.

Kwa chunusi za kawaida, dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksidi ndiyo ya kuanzia. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nguvu ya asilimia 2.5 au 5 inatosha. Ile ya asilimia 10 huwasha zaidi bila ya kuongeza faida kubwa. Kijana huanza kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja hadi ngozi izoee, na huipaka sehemu yote inayotoa chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwani vipele vya mwezi ujao vimekwisha kuanza chini ya ngozi isiyoonesha kitu. Dawa hii hufifisha rangi ya nguo, hivyo ni vyema kutumia foronya nyeupe na kuweka mbali kanga na buibui. Pamoja nayo, au badala yake, mganga anaweza kumpa adapalini, ambayo huzuia vitundu visizibe. Adapalini hukausha ngozi, na katika wiki za mwanzo hali yaweza kuonekana imezidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tiba ya kweli ya chunusi huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya matokeo yake kuonekana vizuri. Kijana aliyepaka dawa kwa siku kumi bila ya kuona mabadiliko huitupa, akaamini kwamba haimfai, kisha akasikia habari ya krimu inayosafisha uso kwa siku tatu. Na ni kweli kwamba husafisha. Nyingi katika krimu hizo zina steroidi kali, ambayo hutuliza uvimbe upesi na kuung'arisha uso. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, na chunusi hurudi kwa wingi kila anapojaribu kuacha. Wasichana ndio wanaonaswa zaidi, kwa sababu chunusi katika ngozi nyeusi huacha madoa yanayoweza kudumu kwa miezi, nao hutaka kuyaondoa madoa kabla hawajatibu kinachoyaleta.

Baadhi ya krimu za kung'arisha zina zebaki, nayo ni sumu ya figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unakusudia kuviondoa vipodozi hivyo duniani. Madhara yake hayaishii kwa anayepaka: zebaki huhamia kwenye taulo na mito, na kutoka mikononi mwa dada ikamfikia mdogo wake anayembeba.

Kuhusu dawa za nyumbani, liwa ina heshima yake visiwani, na ajipambae kwayo hana lawama, lakini isishike nafasi ya dawa. Mafuta ya nazi yafaa kichwani na mwilini. Usoni mwa mwenye chunusi huweza kuziba vitundu. Maji ya ndimu huunguza ngozi ikipigwa na jua, na dawa ya meno huwasha bure. Kutumbua ni mwanzo wa kovu.

Mwenye vivimbe vikubwa vyenye maumivu, au anayeanza kuwa na makovu, asingoje wiki 12. Afikishwe mapema katika kituo cha afya ili apewe rufaa. Kadhalika msichana ambaye hedhi yake imevurugika na ameota ndevu, kwani huenda akahitaji uchunguzi wa homoni. Mganga anaweza kuandika doksisaiklini kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka ili bakteria wasizoee. Vidonge hivyo humezwa kwa glasi kamili ya maji, bila ya kulala mara moja, na havifai kwa mjamzito. Isotretinoini, ambayo ni kwa chunusi kali zaidi, hutolewa chini ya uangalizi wa daktari bingwa, kwa kuwa husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliyemo tumboni.

Mzazi amsindikize kijana wake, lakini amwachie naye azungumze na mganga faraghani. Wachukue kila kopo na kila kichupa alichokwisha kutumia, hata kile cha kuazima. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo isitupwe jaani wala kuchomwa, maana zebaki ikiungua hugeuka mvuke wenye sumu. Ifungwe katika mfuko, iwekwe mbali na watoto, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uulizwe namna ya kuikabidhi.